Jazz bila saksafoni: D.O. Misiani, mwana wa Shirati aliyeitwa Mfalme wa Historia

Hebu fanya hivi kabla hujaendelea kusoma. Toa simu, weka hedfoni masikioni, kisha tafuta albamu inayoitwa The King of History ya D.O. Misiani na Shirati Jazz. Ilitolewa mwaka wa 2010 na kampuni ya Sterns ya London, na ndani yake kuna vibao vya miaka ya 1970 ambavyo mwanzoni viliuzwa kimoja kimoja kwenye santuri ndogo. Bonyeza wimbo wowote.

Umesikia saksafoni? Wapi! Filimbi je? Hakuna. Tarumbeta? Hata moja. Unachosikia ni gitaa linalokimbia kama mtoto aliyetumwa dukani na kupewa chenji, besi ambayo haitaki kutulia, na mzee mmoja anayeimba Dholuo kama mtu anayekusimulia kesi iliyotokea kijijini jana. Sasa utauliza, na una haki ya kuuliza: hii ni jazz ya wapi?

Ni jazz ya kwetu. Miaka ya 1950 na 1960, huku Afrika Mashariki na Kongo, neno jazz halikumaanisha ule muziki wa Wamarekani weusi unaopigwa polepole kwenye hoteli kubwa. Lilimaanisha bendi ya kisasa ya dansi, basi. Ndiyo maana Kongo kulikuwa na African Jazz na OK Jazz, na Tanzania kukawa na Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz na Western Jazz. Wengi wa hao angalau walikuwa na saksafoni na tarumbeta. Jina lilipofika ukanda wa ziwa, likavaliwa na vijana waliokuwa na magitaa tu: Shirati Jazz, Victoria Jazz, Kapere Jazz. Saksafoni ilikuwa ghali. Gitaa ungeanza nalo la mkebe, nyuzi ukaokota popote, na ukiiva unatafuta la kweli. Ukitaka kujua ni kwa nini muziki wa Kisumu unasikika hivi ulivyo hadi leo, kuanzia Okatch Biggy hadi Musa Juma hadi hao unaowachezea siku hizi, sababu mojawapo ni hiyo.

Huyu Misiani hakuzaliwa Kisumu. Hakuzaliwa hata Kenya. Daniel Owino Misiani alizaliwa Februari 22, 1940 katika kijiji cha Nyamagongo, Shirati, kaskazini mwa Mara, nchi iliyoitwa Tanganyika wakati huo. Ukitazama ramani utaona kitu cha kuchekesha. Shirati iko ufuoni mwa ziwa, kusini kidogo tu mwa Muhuru Bay iliyo Kenya. Maji ni yaleyale, samaki ni walewale, lugha ni ileile. Lakini Wajerumani na Waingereza walikuwa wameshagawana eneo hili kwa mapatano ya 1886 na 1890, wakachora mstari ulionyooka kutoka ziwani hadi karibu na Kilimanjaro. Upande mmoja wa mstari mtu akawa Mjaluo wa Kenya, upande wa pili Mjaluo wa Tanzania. Mjomba na mpwa, nchi mbili tofauti. Weka jambo hilo akilini, maana maisha yote ya Misiani yanapita juu ya huo mstari.

Wazazi wake walikuwa waimbaji. Ungedhani basi mambo yalikuwa rahisi kwake, si ndio? La. Walikuwa pia watu wa dini sana, na Shirati yenyewe ilikuwa mji wa misheni tangu Wamennonite kutoka Marekani walipojenga kituo chao hapo mwaka wa 1934. Kuimba kanisani ni sawa. Kupiga gitaa kwenye sherehe za pombe ni jambo lingine kabisa. Kijana alipochagua gitaa, nyumbani hawakufurahi, na miaka ya 1960 akavuka kuja Kenya.

Wakati huo pwani ya ziwa upande wa Kenya ilikuwa inachemka. Waliokuwa wameenda vita vya pili vya dunia na Jeshi la KAR walirudi na magitaa na masikio mapya. Santuri za Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, na za rumba kutoka Léopoldville, zilikuwa zimefika kila mahali palipokuwa na gramafoni. Na chini ya yote hayo kulikuwa na kitu cha zamani zaidi: nyatiti. Ikiwa hujawahi kuona nyatiti ikipigwa kwa karibu, jaribu siku moja. Ina nyuzi nane. Mpigaji anaketi chini kwenye kigoda, amevaa njuga za gara mguuni na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, na ile pete anaigonga kwenye ubao wa chombo ili apate mdundo. Mtu mmoja anapiga melodia, besi na ngoma, na juu ya hayo anaimba. Ni bendi nzima imekaa kwenye kigoda kimoja.

Walichofanya vijana wa kizazi cha Misiani ni kuichukua ile bendi ya mtu mmoja na kuigawa. Nyuzi za juu wakampa mpiga solo. Za chini wakampa wa besi, ndiyo maana besi ya benga inatembea ovyo ovyo hivyo, haikai mahali pamoja kama besi ya rumba. Mguu ukawa ngoma. Mwimbaji akisema maneno, gitaa linayarudia kwa sauti yake, kisha mwimbaji ananyamaza na gitaa linaachiwa lifunguke. Muziki huo ndio ukaitwa benga.

Nani aliuanzisha? Hapo ukiuliza wazee watatu katika baa moja ya Kondele, utatoka na majibu manne na bili ya kulipa. Wengine watakuambia ni John Ogara. Wengine watamtaja Aketch Oyosi. Wengine Misiani mwenyewe, na ughaibuni walizoea kumwita babu wa benga. Mimi sioni haja ya kupigana. Muziki kama huu hauanzishwi na mtu mmoja. Lakini wapo wanaoanzisha kitu, na wapo wanaokishika kwa miaka 40 hadi kikawa na umbo. Misiani ni wa kundi la pili, na kazi hiyo ni ngumu zaidi.

Alianza kurekodi katikati ya miaka ya 1960. Bendi yake ilibadilisha majina kama mtu anayebadilisha laini ya simu: Victoria Boys, Luo Sweet Voice, Shirati Luo Voice, kisha Shirati Jazz, ambalo ndilo lililokaa. Wapigaji waliingia na kutoka. Ndivyo zilivyokuwa bendi za benga, mpiga solo mzuri hakai, kesho utasikia ana bendi yake. Lakini angalia alichofanya. Huku Kenya, ambako angeweza kujiita lolote, alichagua kuvaa jina la kijiji ambacho wazazi wake hawakuutaka muziki wake. Kila santuri iliyouzwa River Road, kila tangazo la dansi lililobandikwa ukutani, liliitaja Shirati. Leo Mkenya wa kawaida hajui Shirati iko wapi, lakini jina amelisikia.

Nisikuchoshe na habari za kiufundi, ila hili moja linakuhusu ukisikiliza ile albamu. Santuri ndogo za wakati huo, zile za mizunguko 45, zilibeba dakika tatu au nne hivi kila upande. Wimbo wa benga hautoshei hapo. Kwa hiyo waliukata katikati. Upande wa kwanza ni maneno, hadithi, majina ya watu. Unafika mwisho, sauti inafifia, unainuka kwenye kiti, unageuza santuri. Upande wa pili sasa ndio magitaa yanapoachiwa, na watu hawasikilizi tena, wanacheza. Mwenye baa aliyechelewa kugeuza santuri alisikia maneno.

Na hayo majina ya watu? Wageni hudhani ni mapambo. Si mapambo. Kuna desturi ya Wajaluo inaitwa pakruok, ya kujisifu na kusifiana katikati ya muziki. Mtu anasimamisha wimbo, anatoa pesa, anajitaja yeye na kwao na rafiki zake, kisha muziki unaendelea. Benga iliichukua desturi hiyo na kuiingiza kwenye santuri. Mwalimu fulani, karani fulani, mkwe wa fulani, wote wamo. Kwa hiyo nyimbo hizo pia ni aina ya rejista. Kuna familia ambazo jina la babu yao halipo kwenye kitabu chochote, lakini lipo katikati ya wimbo, limetajwa wazi, kabla gitaa halijaingia.

Biashara ya santuri nayo ilikuwa kubwa kuliko unavyofikiri. Mfanyabiashara Phares Oluoch Kanindo, ambaye baadaye aliingia bungeni, aliuza benga hadi kusini mwa Afrika. Zimbabwe muziki huo ulishika kiasi kwamba watu wa huko waliuita kanindo, kwa jina la muuzaji. Wapiganaji wa ukombozi waliusikia wakiwa kambini, wakarudi nao nyumbani. Ukisikia gitaa la Zimbabwe na ukahisi kama uko Kibuye siku ya Jumapili, hukukosea. Wanamuziki wenyewe, je, walipata nini? Wengi enzi hizo walilipwa mara moja studio, wakaondoka, na wimbo ukaendelea kuzaa pesa kwa wengine.

Sasa twende kwenye lile jina, Mfalme wa Historia. Hakujipamba tu. Wasanii wengi waliimba mapenzi na sifa za matajiri, na Misiani pia aliimba hayo, alikuwa na watoto wa kulisha. Lakini alikuwa na tabia ya kusimulia. Angechukua habari ya Biblia, au kisa cha zamani cha jamii, au jambo lililotokea serikalini, akalipanga kama mzee anayezungumza jioni karibu na moto.

Ili uelewe uzito wake lazima ukumbuke Kisumu ilikuwa mji wa aina gani. Julai 5, 1969, Tom Mboya, waziri mwenye umri wa miaka 38, mwana wa Kisiwa cha Rusinga, alipigwa risasi mchana katikati ya Nairobi. Oktoba 25 mwaka huohuo Rais Jomo Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali mpya, ile iliyojengwa kwa msaada wa Warusi, ambayo hadi leo makanga wa matatu anaiita Russia. Kukazuka ghasia, walinzi wakafyatua risasi, raia wakafa, hata waliokuwa wamesimama kando ya barabara msafara ukipita. Siku chache baadaye chama cha KPU cha Jaramogi Oginga Odinga kikapigwa marufuku na yeye mwenyewe akawekwa kizuizini. Kwa miaka mingi baada ya hapo, hayo hayakuwa mambo ya kuzungumza kwa sauti. Redio ilikuwa moja tu, ya serikali. Magazeti yalijua mipaka yao. Mtu ambaye alitaka kusikia mambo yake yakisemwa kwa lugha yake, alienda baa, akaweka shilingi, akasikiliza santuri.

Na huko alimkuta Misiani akiimba habari za wanyama. Ndiyo, wanyama. Fisi, nyani, ndege. Mtoto angecheka. Mzee wa pembeni angetabasamu kidogo na kuangalia mlangoni. Nina mjomba Nyalenda ambaye siku moja nilimwomba anieleze maana ya wimbo mmoja. Akaniambia yule mnyama ni nani serikalini. Rafiki yake aliyekuwa ameketi hapo akasema hapana, ni mwingine kabisa. Wakabishana nusu saa na chai ikapoa. Nadhani ndivyo Misiani alivyotaka. Ukiulizwa polisi, uliimba kuhusu nyani. Nyani hana wakili.

Ujanja huo haukumwokoa kila mara. Alikamatwa na kutiwa ndani zaidi ya mara moja kwa sababu ya nyimbo zake. Fikiria msimamo wake: raia wa Kenya akikamatwa ana mbunge wake, ana chifu wake, ana pa kulalamika hata kama hasikilizwi. Yeye alikuwa mzaliwa wa ng'ambo. Na ng'ambo yenyewe ilifungwa. Mwaka wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, Tanzania ikafunga mpaka, na haukufunguliwa tena hadi 1983. Kwa karibu miaka saba, mwanamuziki mashuhuri zaidi kutoka Shirati aliishi katika nchi ambayo barabara yake ya kwenda Shirati ilikuwa imefungwa rasmi. Angeweza kuimba mapenzi tu na kukaa salama. Hakufanya hivyo. Kwangu mimi hili ndilo jambo kubwa zaidi kumhusu, kubwa kuliko gitaa lake.

Hakuacha hata uzeeni. Baada ya uchaguzi wa 2002, nchi nzima ilipokuwa inaimba kwamba mambo yamebadilika na wenye mamlaka wapya wakaanza kugombana kuhusu ahadi walizopeana, alitoa Bim en Bim. Bim ni nyani. Maana yake ni kwamba nyani ni nyani tu. Mwenye masikio alielewa.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 dunia ya mbali ilimgundua. Ni wakati uleule ambapo wafanyabiashara wa muziki wa London walikutana kwenye baa moja mwaka wa 1987 wakakubaliana kuweka muziki wa mataifa mengine kwenye rafu moja dukani na kuipa jina moja, muziki wa dunia. (Kana kwamba wao wanaishi mwezini.) Shirati Jazz walizuru Uingereza, na mwaka wa 1989 zikatoka huko albamu mbili, Benga Blast! na Piny Ose Mer. Hiyo ya pili, jina lake kwa tafsiri ya moja kwa moja ni kwamba dunia imelewa. Sijui kama Waingereza waliokuwa wakicheza walijua kwamba mzee analalamika.

Nyumbani mambo yalikuwa yanaharibika. Kaseti zilikuja, na kaseti mtu yeyote angeweza kuinakili chumbani. Santuri ndogo zikafa, maduka yakafunga, viwanda vya kuzichapa vikasimama. Santuri zenyewe zikabaki chini ya vitanda, zikaliwa na vumbi, nyingine zikageuzwa vifuniko vya mitungi. Hakukuwa na taasisi iliyopita nyumba kwa nyumba kuzikusanya. Misiani aliendelea kupiga, kwenye baa, kwenye mazishi, kwenye mikutano, akiwa na umri wa babu yako.

Mei 17, 2006 alifariki katika ajali ya barabarani Kisumu. Alikuwa na miaka 66. Mtu ambaye serikali kadhaa zilijaribu kumnyamazisha aliondolewa na kitu ambacho kinawaondoa Wakenya kila wiki, na ambacho hakuna anayekamatwa kwa sababu yake.

Miaka minne baadaye ndipo ikaja ile albamu ya Sterns uliyofungua mwanzoni. Nina furaha kwamba ipo, na inaniuma kidogo pia. Sauti imesafishwa vizuri, unasikia hadi kidole kinavyoteleza kwenye uzi. Lakini ilibidi mtu wa London ndiye apange vibao vya mtu wa Shirati aliyekuwa akiimbia watu wa Kisumu, ndipo sisi tumsikie kwenye simu. Hapa nyumbani Ketebul Music, studio ya Nairobi inayoongozwa na Tabu Osusa, imejaribu. Mwaka wa 2008 walitoa Retracing the Benga Rhythm, kazi ya kurekodi historia ya muziki huu kutoka vinywani mwa wenyewe, wakati baadhi ya wenyewe bado walikuwa hai. Hiyo ni studio moja. Santuri zilizotoka ni nyingi mno.

Kwa hiyo ukienda ushago likizo hii, chungulia chini ya kitanda cha babu au kwenye kile kisanduku ambacho hakuna anayekifungua. Ukikuta santuri ndogo yenye neno Jazz, usiifute vumbi na fulana, inakwaruza. Tumia kitambaa laini. Kisha mwulize babu ni nani anayetajwa mle ndani, na yule mnyama ni nani. Akianza kucheka kabla ya kujibu, mwache acheke kwanza. Halafu geuza upande wa pili.